Unyoya wa Domowazi

Tangu nirudi, kila anayepita barazani kwangu hapa Mangobo ananiuliza jambo lile lile: ilikuwaje baba wa bibi harusi atoke Kasongo na gunia la mchele, afike Kisangani na unyoya mmoja mweusi? Mdogo wangu Ramazani amekwisha kulijibu mara nyingi kwa niaba yangu, na kila mara anaongeza kitu. Juzi nilimsikia akisema nilipigana na mamba. Basi naandika mwenyewe. Anayetaka kuongeza, aongeze juu ya kitu cha kweli.

Mnanijua. Miguu yangu haikai. Nimeuza chumvi Bafwasende, nimefundisha watoto kusoma Kindu, nimesimamia ghala Bukavu, na kila nilipokuwa nilikumbuka Kisangani mpaka machozi, lakini nikifika Kisangani nakumbuka nilikotoka. Zaina, mwanangu wa pekee, alipozaliwa nilikuwa Bunia. Alipohitimu Kurani nilikuwa Kongolo. Aliyekuwepo siku zote ni Ramazani. Nilipokuwa Kasongo, dereva mmoja wa lori aliniletea habari kwamba Zaina ataolewa siku ya Maulidi, kama familia zetu zinavyopenda, na kwamba shehe atanisubiri mpaka alasiri ya siku hiyo, basi. Zaina mwenyewe alituma maneno machache: “Papa akifika, vizuri. Asipofika, Tonton yupo.”

Tonton ni Ramazani. Hakukuwa na hasira katika maneno yale, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Niliapa kwamba ndoa hii haitafungwa bila mimi.

Kasongo hadi Kindu, juu ya mbao

Lori nililopanda lilibeba mbao, juu ya mbao abiria, na juu ya abiria mbuzi wa dereva. Kiti changu kilikuwa gunia la mchele. Ni mchele wa Kasongo, ule unaonukia hata kabla ya kupikwa, nao nilikuwa nimeuchagua mwenyewe kapu kwa kapu kwa ajili ya pilau ya Zaina.

Dereva alikuwa mtu wa ukoo mkubwa. Kila kijiji alikuwa na shangazi, na kila shangazi alikuwa na sombe, yaani kisamvu, jikoni.

“Papa Amisi, nikimupita bila kula atasema nimekuwa Muzungu,” aliniambia.

Tukawa tunashuka, tunakula, tunapanda. Kwenye mto mmoja daraja lilikuwa limebaki magogo mawili. Tulishusha mbao zote, lori likapita tupu, tukavusha mbao kwa vichwa na kuzipanga upya ng’ambo. Mbuzi peke yake alivuka bila kufanya kazi, na dereva akamsifu kwa utulivu wake.

Uhuru ulikuwa na miaka minne wakati ule, na uasi ulikuwa unapanda kutoka mashariki na kusini. Hakuna aliyeutaja kwa jina. Vijijini watu waliuliza tu, “Bamefika wapi?” na dereva akajibu, “Mbali,” ingawa hakujua. Ilisemekana kwamba wale waliojiita Simba wanavaa ngozi za wanyama na manyoya ya ndege, na kwamba risasi ikiwafikia inageuka maji. Nilisikiliza kwa sikio moja. Mimi nilikuwa natazama mbingu. Jioni tulipoingia Kindu mwezi wa Maulidi uliandama juu ya mto, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Ukikaribia kujaa, Zaina anaolewa.

Kindu, na maboya yenye miguu

Bato iliyokuwa bandarini, ndivyo tunavyoviita vyombo vikubwa vya mto, ilikuwa kuukuu, inakula kuni kama tanuri la matofali, na ilikuwa inasukuma tishari moja lililojaa watu. Kapiteni aliitwa Lobanga, Mwenya wa Ubundu, kabila la wavuvi wa mto, mfupi, mwenye tumbo, aliyesimama juu ya kasha la sabuni ili aone mbele. Niliomba kukaa karibu naye kwa sababu gunia langu halikupata nafasi kwingine.

Siku ya kwanza nilimwuliza mbona hatuoni maboya ya kuonyesha njia, kama zamani.

“Balizi?” alisema. “Muzungu alitia balizi katika muto, nyekundu na nyeupe. Uhuru ikaja, Muzungu akaenda kwao, maji ikabeba zote. Bon. Sasa balizi yangu iko na miguu. Angalia kule.”

Kule alikoonyesha palikuwa na ndege. Nilikuwa nimewaona ndege hao maisha yangu yote bila kuwatazama. Mmoja ni korongo mweusi anayemetameta kijani na zambarau akigeuka juani. Ukiuona mdomo wake utadhani ameumia: juu na chini vinakutana kwenye ncha tu, na katikati pamebaki mwanya ambao unaona mwanga wa upande wa pili. Hawezi kuufunga. Kwa mdomo huo anashika konokono na kome wa mtoni na kuwachomoa nyama. Ndiyo maana anaitwa domowazi. Mwingine ni mweupe, mdomo wake bapa, umepanuka mwishoni kama mwiko wa kusongea bugali, naye hutembea akiufagia majini kushoto na kulia. Huyo ni domomwiko.

“Domowazi anapenda kome, na kome iko ukingo ya muchanga,” Kapiteni alieleza. “Alipo yeye, bato haipiti. Domomwiko anafagia, donc maji iko mpaka kwa goti yake tu. Bato haipiti. Pasipo na mutu, ndipo pangu.”

Kulikuwa na tatizo moja. Domowazi husimama pia juu ya visiwa vya majani vinavyoelea, kwa sababu humo mna konokono. Kwa mbali huwezi kujua kama amesimama juu ya mchanga au juu ya majani, na majani yanaelea pale pale penye kina. Kwa hiyo Kapiteni akimwona ndege mwenye mashaka, alisimamisha injini, mabaharia wakachoma pondo zao mchangani kuishika bato, akamtazama ndege pamoja na mti wa ng’ambo ulio nyuma yake. Ndege akibaki na mti wake, yuko mchangani. Ndege akiuacha mti, anaelea, na njia iko kwake.

Ilikuwa kazi nzuri kuitazama, ila ilitafuna saa. Kila injini iliponyamaza mimi nilisimama na kukaa, nikasimama na kukaa.

Karibu yangu alikaa Mama Sifa wa Kindu, aliyekuwa anapeleka vikapu vya samaki wa moshi sokoni Kisangani. Alikwisha kuujua mkasa wangu wote kabla hatujaiacha bandari.

“Papa Harusi,” aliniambia, “usisimame sana hivyo. Kapiteni atadhani weye ni balizi.”

Watu wakacheka, na tangu hapo nikawa Papa Harusi bato nzima.

Tulikuwa na askari wawili wa jeshi pia. Walipanda Kindu na bunduki zao, na hakuna aliyewauliza waendako. Mkubwa wao, sajenti, alikuwa anatazama nyuma zaidi kuliko mbele. Siku ya pili, tukiwa tumesimama kutazama ndege na mti, aliinua bunduki akampiga domowazi mmoja ukingoni. Wengine wote wakaruka.

Kapiteni alishuka kwenye kasha lake taratibu.

“Chef, umeua balizi yangu.”

“Ni nyama.”

“Ni balizi. Alors, sasa weye utanionyesha njia?”

Tulikaa pale mpaka ndege warudi, na walichelewa. Mama Sifa alimnyonyoa aliyekufa akamchemsha mchana kutwa. Sisi Waislamu hatukuweza kumla kwa kuwa hakuchinjwa, na waliomla walisema ana ladha ya tope. Askari walimmaliza kwa ubishi. Kapiteni aliokota unyoya mrefu wa bawa, akaupangusa kwenye shati lake na kunipa.

“Pelekea mutoto. Umwambie baba yake alipita huku.”

Niliuchomeka kwenye kofia yangu ili usivunjike.

Chini ya mdomo wa Ulindi

Kuanzia siku ile askari wale walipiga ndege wa kila fungu la mchanga, wakati mwingine kwa njaa, mara nyingi kwa kukosa kazi. Wenzao waliokuwa mbele yetu mtoni nadhani walifanya vivyo hivyo, kwani ndege walianza kuyakimbia mafungu. Kapiteni alizidi kusimama, na sajenti alizidi kukasirika.

Tulipita mahali mto Ulindi unapoingia, tukafika kwenye kona ambapo jua la jioni lilikuwa usoni. Katikati ya mto walisimama domowazi kundi zima, mstari mmoja, watulivu kama watu msikitini. Kapiteni alinyoosha mkono asimamishe injini.

“Hapana kusimama!” sajenti alipiga kelele. “Kila saa kusimama! Nyuma kuko batu, hujui?”

Akaweka mtutu wa bunduki juu ya usukani. Kapiteni aliutazama mtutu, akawatazama ndege, jua likimchoma macho. Bila kusimama hakuwa na njia ya kujua. Akafanya ambacho mtu wa mto yeyote angefanya: aliwaamini ndege, akageuza bato mbali nao, kushoto.

Tulipanda mchanga polepole, bila kishindo, kama mtu mnene anavyokaa kitini. Injini ilinguruma, maji yakawa tope, tukawa tumekwama. Na kulia kwetu, pale pasipopitika, domowazi walikuwa wanakuja. Walikuwa juu ya kisiwa kirefu cha gugu lile la maua ya zambarau ambalo watu wa mto wanaliita Kongo ya sika, yaani Kongo mpya, kwa kuwa lilizuka ghafla likaenea kila mahali. Walitupita wamesimama. Mmoja aliinua mguu akajikuna shingo. Kisha wakaenda zao na mto, kuelekea Ubundu.

“Angalieni,” alisema Mama Sifa. “Bao banasafiri. Siye tumesimama.”

Hakuna aliyemcheka sajenti, lakini hakuna aliyemtazama pia.

Tulijaribu kila njia. Wanaume tuliingia majini tukasukuma kwa mabega. Tulihamisha mizigo kutoka mbele kwenda nyuma, tukairudisha mbele. Pondo mbili zilivunjika. Asubuhi mvuvi mmoja alikuja na mtumbwi kutuuzia samaki, nami nilikuwa tayari nimefunga kitambaa changu ili nimwombe anipeleke Kirundu. Askari walimtangulia. Walimshusha kwa bunduki, wakavua sare zao na kuziacha mchangani, wakaondoka na mtumbwi wake wamevaa fulana. Mvuvi alikaa nasi siku nzima akiitukana serikali na waasi kwa usawa, mpaka nduguze wakaja kumchukua, wakasimama mbali, naye akawafuata kwa kuogelea. Baada ya hapo tulipiga kelele, tukapunga nguo, tukaita majina ya mababu zetu. Mitumbwi ilipita ng’ambo ile, bila kugeuza kichwa. Siwalaumu. Msafiri wa majira yale hakuwa na jina zuri: jeshi lilimwona mwasi, waasi wakamwona wa jeshi.

Mwezi ulikuwa kipande cha embe. Halafu ukawa mkate uliokatwa kati.

Chakula kilianza kuisha. Ndege walikuwa wamerudi mchangani, sasa bunduki zilipoondoka, na Mama Sifa akagundua kwamba wanapochokoa ndipo penye kome. Alikuwa anawafuata kwa heshima, hatua chache nyuma, na kisu na ndoo. Alipika kome kwa pilipili akaniletea sahani.

“Sisi hatuli hii, mama.”

“Mungu alimupa domowazi ruhusa, weye alikunyima?”

“Domowazi haendi msikitini.”

“Ndiyo maana ananenepa,” alisema, akala mwenyewe.

Alitutolea pia samaki wake wachache wachache. Lakini watu walikuwa wengi. Gunia langu lilikuwa pale pale, na watu waliliegemea, watoto walilala juu yake, na hakuna aliyelitaja. Laiti angetokea wa kuomba, ningejua la kumjibu. Kulikuwa na mwanamke mwenye mapacha aliyekuwa anaelekea kwa mumewe Lubunga. Jioni moja nilimwona amewasha moto, amechemsha maji, ametia chumvi, amekaa anayakoroga kwa kijiko ili watoto waone kuna kinachopikwa.

Nilifungua kamba ya gunia. Nilijiambia nitatoa sufuria moja tu. Lakini gunia likishafunguliwa kati ya watu wenye njaa haliwi tena lako. Mama Sifa alichukua usimamizi bila kuchaguliwa, akapanga nani anachota maji, nani anatafuta kuni kichakani, na bato nzima ikala pilau ya Zaina isiyo na viungo wala bibi harusi. Kabla ya kula, mzee mmoja alisoma dua akamwombea mwanangu watoto saba. Nilijibu amina, nikala, na mchele ulikuwa mtamu. Tulifanya hivyo kila jioni mpaka gunia likawa kitambaa.

Kapiteni alikuwa hatazami tena mto. Alitazama magoti ya ndege. Kwenye ukingo wa fungu letu domowazi walisimama kila asubuhi mahali pale pale, na goti la ndege huyo ni kifundo kinachoonekana hata kwa mbali. Alisema maji yakifunika magoti, bato inaelea.

“Magoti?” watu walimwuliza wakiamka.

“Iko naonekana.”

“Magoti?” mchana.

“Angalia weye mwenyewe, nani amekufunga macho?”

Mwezi ulipita nusu ukaanza kunenepa upande wa pili. Nilianza kumwona Ramazani katika kanzu yake, ameketi mahali pangu. Asipofika, Tonton yupo.

Kisha upande wa mashariki, kwenye milima ya Kivu, mawingu yalilala meusi siku nzima. Hapa kwetu halikuanguka tone. Kesho yake Ulindi ukaleta maji mekundu, na majani, na gogo zima lenye kiota cha siafu. Nilikuwa nimekaa mbele pamoja na Mama Sifa. Tuliwaona domowazi wakisogea nyuma hatua moja, wakasogea tena, wakasimama. Miguu yao ilikuwa mifupi.

“Magoti?” aliuliza mtu.

“Hakuna magoti!” Mama Sifa alipiga ukelele. “Hakuna magoti!”

Ndege wakaruka wote kwa pamoja. Tulijitupa majini, wanaume kwa wanawake, na nilikuwa nimeushika ubavu wa tishari kwa mikono miwili nilipousikia ukitetemeka. Ulitetemeka kama ng’ombe anayefukuza nzi. Halafu ukatuponyoka.

Ubundu hadi Lubunga, benchi zima

Kapiteni alisafiri kuanzia hapo bila kupumzika hata mara moja, ingawa alisimama kwa kila ndege, na mimi sikusimama tena kulalamika. Ubundu, mwisho wa bato kwa kuwa mbele kuna maporomoko, tuliagana. Aliniambia nimsalimie bibi harusi na nimwombe radhi kwa pilau.

Treni ya Lubunga ilikuwa inapuliza filimbi. Mabehewa yalijaa familia za watumishi wa serikali na vitanda vyao, na watu walining’inia milangoni. Niliingia nikijua nitasimama safari nzima. Watu wakanitazama. Suruali ilikuwa imechanika magotini, ndevu hazijanyolewa, na kofiani unyoya. Mmoja akasogea. Mwingine akakumbuka kwamba ana jamaa behewa la pili. Baada ya muda mfupi nilikuwa na benchi zima, nikawaza: watu wa Ubundu wana adabu.

Bwana mmoja mwenye tai aliinama mbele yangu akanong’ona.

“Mukubwa, bale benzako bako mbali?”

Nilidhani anauliza juu ya jamaa zangu, kwa kuwa Mama Sifa alikuwa amekwisha kutangaza harusi yangu stesheni nzima kabla hajapanda behewa la mizigo na vikapu vyake.

“Hapana,” nilimjibu kwa furaha, “wako Kisangani, wananisubiri mimi tu.”

“Bako bengi?”

“Ukoo mzima. Nikifika tu, tunaanza.”

Alishuka kituo kilichofuata na mkoba wake, akaacha kitanda. Nililala usingizi mzuri ambao sikuupata tangu Kasongo.

Tulifika Lubunga adhuhuri imepita. Siku ilikuwa yenyewe, ya Maulidi. Ng’ambo ya mto niliuona mji wangu wote, minara ya kanisa kuu, miembe ya ukingoni, moshi wa majiko. Nilikuwa na mto mmoja tu mbele yangu. Niliweka mguu chini na askari wanne wakanizunguka. Kumbe habari za yule bwana mwenye tai zilinitangulia.

“Unatoka wapi?”

“Kasongo.”

“Na manyoya hii?”

“Ya mwanangu. Anaolewa leo.”

Hayo yalikuwa majibu ya kweli na hayakunisaidia hata kidogo. Kasongo ilikuwa upande wa uasi, na unyoya kichwani ulikuwa unyoya kichwani. Waliniketisha chini mikono juu ya kichwa. Ofisa wao, mtu wa magharibi asiyejua Kiswahili vizuri, aliushika unyoya kwa ncha za vidole kama unaweza kumuuma. Nilisikia neno ambalo sikulipenda: kambini. Mtu aliyepelekwa kambini siku zile hakurudi alasiri ya siku hiyo. Wengine hawakurudi. Kivuli changu kilikuwa kimeanza kurefuka juu ya changarawe, na nilikuwa nakitazama kwa sababu sikuruhusiwa kutazama kwingine.

“Iko nini na Papa Harusi?”

Mama Sifa alikuwa anashuka na kikapu kichwani na vingine mikononi.

“Mama, pita. Huyu ni Simba.”

“Simba?” Aliweka vikapu chini, kimoja kimoja. “Huyu? Huyu amelisha bato nzima! Simba gani anagawa muchele ya harusi ya mutoto yake? Weye umeona wapi Simba anapika?”

“Ana manyoya.”

“Manyoya ya balizi!”

“Balizi gani?”

Hapo wakaanza kueleza wote kwa pamoja, kwa kuwa nusu ya bato yetu ilikuwa kwenye treni ile. Mmoja alionyesha mdomo usiofungika kwa mikono yake. Mwingine alisimama kwa mguu mmoja. Mzee wa dua alieleza habari ya magoti, akiyagusa ya kwake. Mama wa mapacha alipenya katikati yao. Alikuja akamweka mtoto mmoja mapajani mwangu, na mtoto, aliyenizoea kwa siku zile za mchangani, akalala pale pale. Ofisa alimtazama mtoto, akawatazama watu wazima waliokuwa wanasimama kwa mguu mmoja stesheni, akachoka.

“Kende,” alisema kwa Kilingala. Nenda. “Bokende bino nyonso.” Nendeni nyote.

Akanirudishia unyoya. Niliutia mfukoni, ndani kabisa.

Ng’ambo

Mtumbwi ulituvusha mimi na Mama Sifa pamoja. Tulipokuwa katikati ya mto nilisikia adhana ya alasiri, hafifu, upepo ukiichukua na kuirudisha. Nilimwomba mwenye kafi aongeze nguvu.

“Papa, muto iko kubwa, mimi niko moja,” alisema.

Tulipogusa ukingo Mama Sifa alinisukumia kikapu kimoja cha samaki.

“Pilau yako tulikula siye. Chukua hii. Kimbia.”

Sikupata muda wa kumshukuru vizuri. Nilikimbia na kikapu kichwani, mtu wa miaka arobaini na zaidi, kupitia sokoni, watoto wakinishangilia bila kujua sababu, mpaka Mangobo, mpaka nyumbani kwa Ramazani.

Turubai lilikuwa limefungwa uani. Wanaume walikuwa wameketi juu ya mikeka, bwana harusi katikati, na mbele yake Ramazani katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Mikono yao ilikuwa imeshikana. Shehe alikuwa anasafisha koo.

Kila kichwa kiligeuka. Ramazani aliachia mkono wa kijana akasimama mara moja, bila kunung’unika, akanionyesha mkeka.

“Yaya,” aliniita, kama wadogo wanavyowaita kaka zao wakubwa, “karibu. Kaa. Ni nafasi yako.”

Mkeka ulikuwa na alama ya magoti yake. Niliutazama. Huyu ndiye aliyembeba Zaina mgongoni alipopata homa, akampeleka chuo cha Kurani kila siku, akajua mguu wake unavaa kiatu gani. Njia nzima nilikuwa nimepigania mkeka ule. Niliweka kikapu chini, nikakaa kando ya alama ile. Pale pake nilipaacha wazi.

“Baba wa bibi harusi ni nani?” shehe aliuliza, kama inavyotakiwa.

“Ni mimi. Amisi.”

“Upo?”

“Nipo.”

“Unamwozesha mwenyewe, au unaweka wakili?”

“Namweka ndugu yangu Ramazani. Aliyemlea amwozeshe. Mimi nipo hapa.”

Ramazani aliikusanya kanzu yake. Kisha akakaa tena, akaushika mkono wa bwana harusi, na kwa mkono wa pili akanishika mimi goti, kwa nguvu, penye tundu la suruali.

Shehe alifungua mdomo aanze, na hapo ndipo kigelegele kilipotoka nyuma ya pazia. Kilianza na sauti moja, changa, ambayo bibi harusi hapaswi kuitoa. Nilikuwa sijaisikia kwa miaka, nikaijua. Wanawake wote wakaifuata.

“Bado!” shehe alipaza sauti kuelekea pazia. “Nyamazeni, bado sijafunga ndoa!”

Hawakunyamaza.